Dansi ya jukwaani kuhusu ugonjwa usiopona: mchezo tunaumalizaje?

Mguu wa Kushoto (mleta uzi)

Wakuu salaam. Uzi ni mrefu, mnivumilie, jambo lenyewe nimelibeba miezi mingi.

Mimi ni mchezaji wa dansi ya jukwaani. Miaka sita iliyopita niliambiwa nina maltipo sklerosisi, ugonjwa ambao kinga ya mwili inamgeukia mwenye mwili na kushambulia mayelini, ule utando unaozifunika nyuzi za fahamu. Utando ukichubuka, amri inayotoka kwenye ubongo inachelewa njiani, au inafika nusu, au haifiki kabisa. Kwangu aliyekosa amri ni mguu wa kushoto. Nikiunyanyua, vidole vinabaki vimelala na ncha ya kiatu inakwaruza sakafu. Ukumbi ukiwa kimya unasikia: ta, shwaa. Ta, shwaa. Mwanzoni niliuchukia mlio huo. Sasa ndio mdundo wa mchezo ninaoutunga.

Mchezo ni wa dakika 40 hivi, tuko watano. Wawili wana ugonjwa wa Parkinson, mmoja ana kifafa, mmoja ni mzima, na mimi. Dakika 30 za kwanza zimekaa vizuri. Mwisho sina, ndiyo maana nimekuja kwenu.

Shida yangu ni hii. Hadithi ya mgonjwa tuliyoizoea jukwaani ina milango miwili tu ya kutokea: apone au afe. Watu wanausubiri mmojawapo tangu taa zinapozimwa. Ugonjwa sugu hauna mlango. Leo umepata nafuu, wiki ijayo mkono umekufa ganzi, mwezi unaofuata umerudi ulipokuwa au umebaki chini kidogo ya pale. Asubuhi unaamka nao, unauvalisha soksi.

Februari 2020 Royal Ballet ya London ilionyesha kazi ya Cathy Marston iitwayo The Cellist, kuhusu mpiga chelo (ala kubwa ya nyuzi inayopigwa kwa upinde) Jacqueline du Pré, aliyekuwa na ugonjwa huu huu wangu. Chelo mle ndani ni mtu: Marcelino Sambé alikuwa chombo, Lauren Cuthbertson akawa mpigaji. Wazo hilo limenikaa moyoni, maana chombo kikiwa mtu, kutengana nacho ni msiba. Lakini kila nikimwaza du Pré narudi kwenye hesabu. Aliacha kupiga mbele ya hadhara mwaka 1973. Alifariki 1987. Katikati hapo kuna miaka 14. Mimi nataka kuicheza ile miaka 14.

Niongeze na kisa kimoja ili mjue ninachokikimbia. Mwaka ule wa kwanza wa ugonjwa nilikuwa kwenye kikundi kingine, sitakitaja. Mazoezini mguu ukanitoka, nikaanguka ubavu. Chumba kikanyamaza. Kiongozi wetu akanijia machozi yakimlengalenga, akasema lile anguko lilikuwa zuri mno, akaomba nirudie. Nilirudia mara nne. Anguko la nne ndilo lililoingia kwenye mchezo, na kila usiku watu walipiga makofi pale pale. Nikawa stadi wa kuanguka, na kadiri ustadi ulivyokua ndivyo kile kilichonipata siku ile kilivyopotea. Siku niliyokuja kuanguka tena kweli nilikuwa bafuni, peke yangu. Kuanguka kulichukua nukta moja. Kuinuka, nimeshika ukingo wa sinki, kulichukua dakika 11. Nilikuwa naiona saa.

Basi wenye uzoefu, iwe wa jukwaa, iwe wa ugonjwa, iwe wa kuuguza: mchezo wa namna hii unaumaliza vipi bila kumdanganya mtu?

Mkufunzi wa Jumanne

Nimekusoma mkuu, na hiyo sinki nimeiona. Nafundisha dansi watu wenye Parkinson, huu mwaka wa tisa. Madarasa ya aina yetu yanafuata njia iliyoanza Brooklyn, New York, mwaka 2001, pale kikundi cha dansi cha Mark Morris kilipoungana na chama cha wagonjwa wa hapo hapo Brooklyn. Anayeingia mlangoni anaingia kama mchezaji. Hakuna anayekuja kupimwa.

Nianze na saa, kwa sababu naona unatafuta muundo na ugonjwa umeshakupa. Kwenye Parkinson, seli zinazotengeneza dopamini, kemikali inayousaidia ubongo kuongoza mwendo, zinakufa. Dawa kuu bado ni levodopa, ile ile iliyoanza kutumika miaka ya 1960. Miaka ya mwanzo dozi inamshika mtu vizuri. Ugonjwa ukikomaa inashika saa chache, halafu inaachia. Wanafunzi wangu wana maneno yao: "nimewaka", "nimezima". Mtu aliyekuwa akizunguka ukumbi mzima saa nne, saa sita kasoro amekwama mlangoni, nyayo kama zimegundishwa sakafuni, kiwiliwili kinataka kwenda na miguu haitaki. Wale wawili wenu wanameza dawa saa ngapi? Weka saa hiyo jukwaani. Kengele ya simu ilie, wameze mbele ya watu, na mchezo ungoje. Dawa huchukua nusu saa hivi kushika, wakati mwingine zaidi. Watazamaji wakae nao humo humo ndani ya kungoja.

La pili ni mistari. Mtu aliyeganda, ukimwekea utepe sakafuni, mara nyingi anauvuka. Au umhesabie. Au upige muziki wenye mdundo ulionyooka. Njia ya ndani ya kuanzisha mwendo imeharibika, ishara ya nje inamfungulia nyingine. Mwaka 2010 madaktari wa Uholanzi walichapisha kisa cha mgonjwa aliyeshindwa kutembea hatua chache bila kuanguka, lakini akiwekwa juu ya baiskeli anaendesha, anakata kona, anarudi.

Hapa ndipo nawaona watunzi wengi wakiteleza. Muziki unaanza, mzee anainuka, ukumbi unalia, pazia. Wanasahau kwamba muziki ukizimwa anaganda tena. Tafiti za dansi ya tango zilizofanywa St. Louis, Marekani, na Madeleine Hackney na Gammon Earhart, kuanzia ile ya 2007, zilionyesha waliocheza wakiimarika katika kusimama imara na katika mwendo. Hazikusema ugonjwa umesimama. Kama mchezo wako utaonyesha muziki unavyomfungua mtu, na uonyeshe pia dakika ile muziki umekwisha na yeye bado yuko katikati ya sakafu.

Binti wa Mzee

Mimi si mchezaji, namuuguza baba. Ana Parkinson mwaka wa 12. Nimepelekwa kutazama dansi mbili za "uhamasishaji" kuhusu ugonjwa wake, na zote mbili nilitoka nimeumia, nieleze kwa nini.

Wote walikuwa wanatetemeka. Vijana wazima, wazuri, wanatetemesha mikono wakiinyoosha mbele, wakishika vitu, wakikimbia. Jamani, mkono wa baba unatetemeka ukiwa umetulia. Umelala pajani, hana habari nao, kidole gumba na cha shahada vinasuguana kama anafikicha kitu kidogo. Akiunyoosha kuchukua kikombe, mtetemeko unapungua. Kwa hiyo kwenye dansi ile walicheza kinyume kabisa cha kile ninachokiona kila siku, na hakuna hata mmoja aliyekuja kukaa na mgonjwa saa moja.

Na mtetemeko ndio mdogo. Kikubwa kwa baba ni utulivu. Uso wake hausogei. Watu wakija wanadhani amenuna, wengine wamepunguza kuja. Nimejifunza kumjua akicheka kwa kuangalia pembe ya jicho la kulia tu. Sauti imekuwa ndogo, nainama. Nani amewahi kuniwekea hilo jukwaani?

Dada mleta uzi, umesema kuhusu miaka 14. Sisi miaka yetu 12 iko kwenye shati. Baba anavaa shati la vifungo kila asubuhi na amekataa kusaidiwa. Saba vya mbele, viwili vya mikono. Mimi nakaa ukingoni mwa kitanda. Kifungo kinaingia nusu, kidole kinateleza, anaanza upya. Siku njema dakika sita. Siku mbaya 20 na zaidi. Mwanzoni nilikuwa nageuza uso dirishani, nikidhani namhifadhia heshima. Siku moja akaniambia kwa ile sauti yake ndogo, "Tazama." Tangu hapo natazama.

Dakika Mbili

Naandika kama mtu mwenye kifafa tangu utotoni. Tuko watu wapata milioni 50 duniani kwa hesabu ya Shirika la Afya Duniani, lakini jukwaani tunaonekana kwa namna moja tu: anaanguka, anarusha miguu, watu wanapiga kelele.

Kuna jambo lililotokea Uingereza ambalo kila anayetunga kuhusu ugonjwa wetu inafaa alijue. Desemba 2009, Rita Marcalo, mchezaji na mtunzi ambaye mwenyewe ana kifafa, aliandaa mjini Bradford tukio la saa 24 aliloliita Involuntary Dances. Alitangaza kwamba ataacha dawa zake na kujaribu kuchokoza kifafa kije mbele ya watazamaji, na kikija wamrekodi kwa simu zao. Watetezi wa wagonjwa walipinga vikali, na walikuwa na haki: kuacha dawa ghafla kunaweza kuleta degedege lisilokatika, na likizidi dakika tano hiyo ni dharura ya kukimbiza mtu hospitali. Saa 24 zikaisha. Kifafa hakikuja.

Nilikasirika sana niliposoma habari hiyo mara ya kwanza. Bado nasema asiige mtu. Ila nimekuja kuelewa kiu iliyomo. Mimi sijawahi kujiona. Kitu kikubwa kuliko vyote kwenye maisha yangu kila mtu nyumbani amekiona isipokuwa mimi. Ninachokijua ni kabla na baada. Kabla: harufu ya kitu kinachoungua ambacho hakipo, tumbo kupanda kooni. Baada: dari, halafu nyuso zimeniinamia kwa duara, zote zinajua kitu nisichokijua. Ulimi unauma. Nauliza ni siku gani. Najibiwa, nasahau, nauliza tena.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa huyo mwenzetu wa kikundi chako: msicheze degedege. Chezeni kuamka. Mweke chini, watazamaji wasijue amefikaje hapo, wenzake wanne wawe wameinama. Na aliyelala aanze kukusanya viungo vyake kimoja kimoja kama mtu anayeokota vitu vilivyomwagika. Hiyo ndiyo dansi yangu, na sijawahi kuiona popote.

Fundi Taa

Wakuu, mimi ni wa nyuma ya mitambo, nitasema machache ila yasipuuzwe.

Taa zinazomulika na kuzima haraka zisitumike kabisa, sababu mnaijua. Mimuliko kati ya mitatu na thelathini kwa sekunde ndiyo inayoweza kuchokoza kifafa kwa wale ambao cha kwao kinaitikia mwanga. Ni sehemu ndogo ya wenye kifafa, kama watatu kati ya mia, lakini huwezi kujua nani amekaa safu ya nne. Usitegemee tangazo la mlangoni, ondoa tu.

La pili ni joto, na hili ni la mleta uzi mwenyewe. Zile taa za zamani za nyuzi zinachoma. Kwa mwenye maltipo sklerosisi mwili ukipanda hata nusu digrii, dalili zinaweza kurudi kwa muda: macho yanaingia ukungu, mguu unakuwa mzito maradufu. Daktari Mjerumani, Wilhelm Uhthoff, alilieleza jambo hili mwaka 1890. Mwili ukipoa yanapita. Tumia taa za LED, na uweke feni ndogo pembeni ya jukwaa. Nimewahi kufanya kazi na mchezaji aliyekuwa haoni ukingo wa jukwaa kila ikifika dakika ya 20, na hakumwambia mtu kwa kuogopa kuondolewa. Nilikuja kujua kwa sababu alikuwa anahesabu hatua kwa sauti.

Nataka Kuruka

Samahanini, mimi nitakwenda kinyume. Nina ugonjwa kama wa mleta uzi, mwaka wa tatu. Sitakuja kuutazama mchezo huu.

Sisemi kwa ubaya. Ila nikitoka nyumbani, nikalipa, nikakaa kwenye kiti, nataka kuona kile ambacho mwili wangu hauwezi tena. Nataka kuona mtu anaruka na anakaa hewani. Kukwama, kungoja, vifungo, hivyo ninavyo nyumbani. Mnataka niongezewe? Na nina hofu nyingine: wazima wakitazama watatuonea huruma, na kesho yake bosi aliyekuwa hajui kuhusu mguu wangu ataanza kuutazama.

Mguu wa Kushoto (mleta uzi)

Nimekaa na majibu yenu siku mbili.

Nataka Kuruka, wewe ndiye umeninyima usingizi, na nakushukuru. Hoja yako ina ukoo mrefu. Mwaka 1994 Bill T. Jones, mtunzi Mmarekani, alitoa Still/Here, kazi aliyoijenga kutokana na warsha alizofanya na watu wenye magonjwa ya kutishia maisha, akichukua ishara za mikono na maneno yao. Mhakiki Arlene Croce aliandika kwenye jarida la The New Yorker kwamba hajaiona na hana mpango wa kuihakiki, kwa kuwa mtu akisimama mbele yako na ugonjwa wake wa kweli umebaki na nini cha kuhakiki isipokuwa kumhurumia. Ubishi ule ulitikisa ulimwengu wa dansi. Mimi siko upande wa Croce. Lakini yeye alikataa akiwa nje ya ugonjwa, wewe unakataa ukiwa ndani, na hilo nalisikiliza kwa uzito mwingine kabisa.

Nikujibu kwa kukueleza dakika ya 18. Naingia peke yangu, ta, shwaa, kutoka pembe hadi pembe. Mara ya tatu yule mzima anaudaka mdundo kwa viganja. Halafu wale wawili wa Parkinson wanauingia kwa miguu, maana kwao mdundo wa nje ndio mlango, kama Mkufunzi alivyosema. Mlio wa mguu wangu mbovu unawafungulia miguu watu wawili waliokuwa wameganda. Ifikapo dakika ya 22 tunacheza wote watano, kwa kasi, na mtu wa kifafa ana mruko hapo ambao, naapa, anakaa hewani. Sikuuweka ili kumfurahisha mtu. Ulitokea mazoezini, siku ya mvua, hakuna aliyeupanga. Ukija kwa ajili ya dakika hizo nne kisha ukatoka, nitaelewa. Milango itakuwa wazi muda wote, na hilo nimeshalikubaliana na wenye ukumbi.

Kuhusu huruma, sina dawa. Nimejaribu kuondoa kila mahali tulipokuwa tunaiomba. Anguko nimelifuta. Hakuna anayeanguka kwenye mchezo mzima.

Dakika Mbili, kuamka tumekufanyia mazoezi jana. Mwenzetu alilia, halafu akasema nyuso zilikuwa mbali mno, zisogee. Tumezisogeza.

Na mwisho nimeupata, kutoka kwa Binti wa Mzee, kama ataniruhusu. Mmoja wa wale wawili anakaa kwenye kiti, mbele, anavaa shati. Wengine tunatoka. Muziki unakwisha. Taa za ukumbi zinawaka, milango inafunguliwa. Yeye yuko kifungo cha tatu. Hakuna kuinama, hakuna pazia. Anayetaka kwenda aende, anayetaka kukaa akae.

Mkufunzi wa Jumanne

Mwisho mzuri, lakini una hatari. Usiku ambao dawa imemshika atamaliza kwa dakika sita, usiku mwingine dakika 25, na wenye ukumbi watataka kufunga. Utamwambia achelewe? Ukimwambia achelewe, umerudi kwenye anguko lako la nne.

Mguu wa Kushoto (mleta uzi)

Sitamwambia achelewe wala awahi. Akimaliza kwa dakika sita anainuka na kuondoka, usiku ule mchezo umekuwa mfupi. Mwenyewe nimemuuliza kama anakubali kukaa pale mbele ya watu muda wote huo. Ameniomba kitu kimoja: shati liwe lake, siyo la jukwaani.

Fundi Taa

Taa za ukumbi ziwashe polepole, kwa dakika nzima, watu wasizione zikiwaka. Na sauti ya kitambaa haitafika safu za nyuma. Bandika kipaza sauti kidogo chini ya kiti.

Nataka Kuruka

Dakika ya 18. Nitakaa karibu na mlango.

Binti wa Mzee

Nimemsomea baba uzi wote jioni hii. Ruhusa ametoa yeye, shati ni lake. Pembe ya jicho ilisogea.

Ila amekataa kitu kimoja na ameniagiza niandike. Anasema msiishie kwenye vifungo vya mbele. Vile unavifunga kwa mikono miwili, mmoja unashika kitambaa na mwingine unasukuma. Kigumu ni cha mkononi, cha kulia, kwa sababu pale mkono wa kushoto uko peke yake. Anasema mchezaji wenu akianza na hicho angali ana nguvu, vingine vitafuata.